Khati Ndani ya Mwanzi

Iringa, 3 Machi 1956

Kwa Bwana Bushiri bin Faraji, Mbeya.

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, nakuarifu ya kuwa khati ya pili ya kutundika ukutani nimeifunga leo, nayo itaondoka kwa basi la Jumatatu.

Najua bado una uchungu wa ile ya kwanza. Niliilaza kati ya mbao mbili, nikazikaza kwa kamba, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa, "Usiweke kitu." Watu wa basi wakaweka magunia ya viazi. Mbao zikapinda, karatasi ikavunjika katikati ya jina la Mtume, nawe ukanirudishia bila neno baya. Ustaarabu huo sijausahau. Nami nimejifunza. Karatasi yenye urefu wa mkeka wa kusalia hailazwi katika basi, hata ukiandika nini juu yake.

Khati hii ni Ayatul Kursi. Iliandikwa Unguja na marehemu mwalimu wangu, kwa wino wa masizi aliousaga mwenyewe. Ulipokuja kwangu mwaka jana ulisimama mbele yake mpaka chai yako ikapoa. Nakuuzia kwa sababu macho yangu yamepunguka, na wanangu wanapenda gramafoni kuliko ukuta wenye maandishi. Bora ikae kwa mtu anayeisoma.

Nimeiviringa maandishi yakiwa upande wa nje, maana wino mzito ukibanwa ndani hupasuka. Kati ya mviringo na mviringo nimetandika kitambaa cha marekani kilichofuliwa kwa maji matupu. Kisha nimeitia ndani ya mwanzi. Mwanzi huo niliuchagua mwenyewe sokoni kwa mama mmoja mzee. Ni mpana, mrefu kuliko mkono wangu, vifundo vyake vya ndani vimekwisha kutobolewa, na mdomo umelainishwa kama mdomo wa kikombe. Sikuhitaji patasi. Yule mama alicheka sana nilipoulipia. Nadhani hajapata kumwona mtu mwenye kanzu akibeba mwanzi begani. Una harufu tamu kidogo, kama ya asali. Huenda nyuki walikaa humo. Niliusuuza, nikauanika juani asubuhi moja, nikaufunga kwa gunzi la muhindi, na juu yake nikashona kaniki.

Atakayeuleta ni Kasian, utingo wa basi. Ni mtu wa Ipogolo, Mkatoliki, lakini mwaminifu. Nimemwamuru asiufungue, asiuweke chini, wala asimpe mtu mwingine ila wewe.

Utakapoifungua, usiivute. Ilaze kivulini, iache ijinyooshe yenyewe, na uzito uuweke pembeni tu, pasipo na herufi.

Wako,
Makame bin Matano


Mbeya, 10 Machi 1956

Mzee wangu Makame,

Shikamoo. Naandika kwa shida.

Mzigo ulifika. Kaniki haikufunguliwa, mishono ni yako, ila upande wa mdomo ilikuwa na unyevu. Kasian alinipa mkononi, akakataa hata maji, akaondoka upesi. Hakunitazama usoni.

Niliuweka juu ya kabati mpaka Ijumaa kwa sababu nilitaka kuifungua khati mbele ya watu. Niliwaalika wazee wa msikitini waje baada ya sala. Mke wangu alipika pilau. Misumari nilikwisha kuipigilia ukutani.

Nilipotoa lile gunzi, Mzee, harufu ilijaa chumba kizima. Ulanzi. Pombe ya ulanzi iliyochacha. Karatasi ikatoka na mabaka ya rangi ya chai, na mimi kwa ujinga nikaendelea kuivuta nikidhani huko mbele itakuwa safi. Haikuwa safi. Mzee mmoja akafunika pua kwa kilemba. Mwingine akasema, "Bwana Bushiri, leo shemeji zako wamekukumbuka kwa zawadi!" Watu wakacheka.

Unajua mke wangu Mwamvita kwao ni Igowole, ambako ulanzi ni wa kila nyumba, naye alisilimu nilipomwoa. Na hao waliocheka wanajua. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Aliliweka chini akarudi jikoni, na mpaka sasa hasemi nami ila "ndiyo" na "hapana."

Sikulaumu wewe hata kidogo. Nauliza tu, karatasi hii niifanye nini? Kuitundika siwezi, na kuitupa siwezi.

Mwanao,
Bushiri


Iringa, 17 Machi 1956

Bushiri,

Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipoimaliza sikuweza kukaa.

Mimi sijapata kuugusa ulanzi, wala kuingia nyumba unamonywewa, tangu nilipofika Iringa nikiwa kijana. Kwa hiyo pombe ile haikutoka kwangu. Kwako haikutoka, maana kaniki uliikuta na unyevu mzigo ulipofika. Kati yangu na wewe alikuwako mtu mmoja tu.

Nilikwenda kituo cha mabasi asubuhi, watu wakiwa wamejaa. Nikamwita ashuke kutoka juu ya basi.

"Kasian, mzigo wangu uliumwagia nini?"

"Mimi sikumwaga kitu, Mzee."

"Ulisikia harufu?"

Akawatazama abiria.

"Nakuuliza wewe. Ulisikia harufu, hukusikia?"

"Nilisikia, Mzee."

"Harufu ya nini?"

Akanisogelea akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, twende pembeni tuongee."

"Pembeni kuna nini? Sema hapahapa, watu wasikie."

Akatazama miguu yake. "Basi, Mzee. Sina la kusema."

Mwenye basi alikuwa hapo, na alikwisha kuipata barua yangu ya malalamiko. Alimwambia ateremshe blanketi lake na asipande tena. Kasian aliteremsha blanketi, akalikunja, akaondoka. Mtu asiye na hatia hatafuti pembeni. Laiti angekataa mara ya pili mbele ya watu, huenda ningesita. Lakini hakukataa tena.

Sema na wazee waliocheka. Waambie aliyefanya hivyo amepatikana na amelipwa. Khati iweke mahali pa juu, penye hewa, mpaka nikuandikie. Na mkeo mwambie asiwe na huzuni. Hana sehemu katika jambo hili.

Makame bin Matano


Mbeya, 26 Machi 1956

Kwa Baba, Mzee Makame,

Shikamoo, Baba. Mimi ni Mwamvita, mke wa Bushiri. Hatujapata kuandikiana, na mume wangu hajui kama naandika. Nitamwambia barua hii ikiwa imekwisha kuingia posta, nisije nikarudi nyuma.

Yule utingo hakumwaga kitu. Mwanzi ule wenyewe ni wa ulanzi.

Kwetu Igowole mgema hukinga utomvu kwa mbeta, vikombe vidogo vya mwanzi vinavyofungwa penye chipukizi. Vikijaa, humimina yote katika mwanzi mrefu kama ule uliouleta, apate kuubeba begani mpaka nyumbani. Ndiyo sababu vifundo vimetobolewa. Ndiyo sababu mdomo ni laini: watu hunywea hapo. Hata ukiusuuza, ngozi ya ndani imekunywa masika mengi, na ukipata joto hutoka jasho. Ule utamu ulioudhani asali ndio huo.

Mimi niliutambua nikiwa mlangoni, kabla gunzi halijatoka. Marehemu baba yangu alikuwa na mwanzi wa namna ile, ukisimama nyuma ya mlango. Nilitaka kumwita mume wangu asifungue, lakini mikono ilikuwa na sinia na chumba kilikuwa na wageni, nikachelewa. Halafu yule bwana akasema neno lake kuhusu shemeji. Ningesema wakati ule, "Mwanzi huo mimi naujua," wangecheka mara ya pili, na safari hii mume wangu angeinamisha kichwa. Nikaenda jikoni. Nikajiambia karatasi imekwisha kuharibika, maneno yangu hayataitengeneza.

Kisha barua yako ikaja, mume wangu akaisoma kwa sauti, na ndipo niliposikia kuwa kuna mtu amefukuzwa kazi. Baba, tangu siku ile naianza barua hii naiacha. Nilificha aibu yangu ndogo, na mtu nisiyemjua akabebeshwa kubwa.

Siandiki kukufundisha. Nenda kwa yule mama uliyenunua kwake, umwulize.

Binti yako,
Mwamvita


Iringa, 2 Aprili 1956

Kwa Mwenye Mabasi, Iringa.

Bwana,

Kwa heshima nakuarifu ya kuwa, kuhusu mzigo uliotajwa katika malalamiko yangu ya mwezi uliopita, imebainika kwamba uharibifu uliotokea huenda ulisababishwa na hali ya chombo kilichotumiwa. Kwa hiyo lawama zilizotolewa zaweza kutazamwa upya, kwa kadiri utakavyoona inafaa.

Wako mtiifu,
Makame bin Matano


Igawa, 24 Aprili 1956

Mzee Makame,

Shikamoo. Ni mimi Kasian, niliyekuwa utingo.

Mke wangu Severina ameniletea habari kwamba umemwandikia tajiri. Alikwenda kumwuliza, akasomewa barua. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusikia jina langu. Tajiri akamwambia, "Huyu mzee anasema chombo kilikuwa na hali. Chombo gani? Basi langu?" Akaiweka barua ndani ya mtoto wa meza, akasema nafasi imekwisha kupata mtu.

Mimi sasa napakua magunia ya mpunga hapa Igawa. Basi letu husimama hapa abiria wapate kula. Yule utingo mpya akiniona hupiga mbinja akaita, "Bwana Ulanzi, mzigo wako huu hapa!" Abiria huchungulia madirishani. Siku hizi nikilisikia linakuja, naingia nyuma ya ghala. Mzee, katika kazi yangu yote sikupata kupoteza hata kuku wa mtu.

Sasa nakuambia lile nililotaka kukuambia pembeni.

Mzigo wako niliupakata. Sikuuweka chini, kama ulivyoniamuru. Tulipofika hapa Igawa jua lilikuwa kali, ukapata joto, ukaanza kunuka. Mimi ni mtu wa Ipogolo. Harufu ile nimezaliwa nayo. Nikasema moyoni, kumbe! Kumbe Mzee Makame anamtumia rafiki yake ulanzi, na ameushonea kaniki watu wasijue. Nikajiambia, wazee nao wana siri zao. Wewe Kasian fikisha mzigo, nyamaza. Ndiyo maana kule Mbeya nilishindwa kumtazama yule bwana usoni.

Halafu wewe ukaniuliza mbele ya watu harufu ilikuwa ya nini. Ningekujibuje? Niseme, "Ya ulanzi wako, Mzee"? Wewe umewasomesha watoto wa mji mzima. Nikaona heri nikae kimya, yatapita. Hayakupita.

Nasikia kumbe ndani mlikuwa na maneno ya Mungu. Sikujua hilo. Naomba radhi kwa kukudhania vile.

Sitaki kitu kwako. Nataka tajiri aambiwe kwa maneno yanayoeleweka.

Kasian


Iringa, 2 Mei 1956

Bushiri,

Nakuandikia kabla ya magharibi, nimefunga, na koo langu ni kavu kwa mambo mawili.

Mkeo aliponiandikia, nilikwenda sokoni siku ileile. Yule mama mzee alinikumbuka. Nilimwuliza kwa nini alicheka. Akasema, "Nilifurahi, Baba. Nilisema leo hata watu wa kanzu wamekuja kwetu." Basi nilikwisha kujua ukweli wote nikiwa nimesimama pale, kabla sijamwandikia mwenye basi. Nawe uliponiandikia baada ya mkeo ukinishauri nisilitaje neno ulanzi, kwa ajili ya heshima yangu, nilikutii upesi mno. Nilikaa mezani nikatafuta sentensi isiyo na mtenda. Nimewachapa watoto kwa kuandika sentensi za namna hiyo.

Kisha ikaja barua ya Kasian. Sitakunakilia. Nitakuambia tu ya kuwa alisikia harufu njiani, akadhani mimi ni mnywaji wa siri, na ndiyo sababu alinyamaza mbele yangu. Alikuwa ananilinda mimi. Yeye alinidhania vibaya akanisitiri. Mimi nilimdhania vibaya nikamwanika.

Leo asubuhi nilikwenda kituo cha mabasi. Nilichagua saa ileile, watu wakiwa wamejaa. Mwenye basi aliponiona akasema, "Mzee, ile barua yako mpaka leo inanishinda."

Nikasema, "Ndiyo maana nimekuja kwa miguu. Kasian hakumwaga pombe. Pombe ilikuwa ndani ya mwanzi, na mwanzi niliununua mimi."

"Ulinunua mwanzi wa ulanzi?"

"Nilinunua."

"Ukatia nini ndani?"

Hapo, Bushiri, nilitaka ardhi inimeze. Nikasema, "Ayatul Kursi."

Mwenye basi akawageukia abiria. Kisha mwanamke mmoja mwenye kikapu cha mbaazi akasema, "Mzee, umekaa Iringa miaka yote hii hujui mwanzi wa ulanzi? Hata mbuzi wangu anaujua!" Kicheko kilichotoka hapo kilimfikia kila mtu, hata wapakizi waliokuwa juu ya basi. Sikuwazuia. Nikaendelea kusema. Niliwaambia jinsi Kasian alivyoupakata mzigo safari nzima, jinsi alivyodhani ni pombe yangu ninayomtumia rafiki, na jinsi alivyokubali kufukuzwa kuliko kuniaibisha. Niliona nikibakiza neno lolote nitakuwa nimeandika tena ile barua ya chombo. Wakacheka zaidi. Kijana mmoja akaniita Mzee Mbeta, na nadhani jina hilo nitazikwa nalo.

Mwenye basi amekubali. Yule utingo mpya atahamia gari la Dodoma.

Khati usiiweke tena juu ya kabati. Tafuta mahali safi pasipokanyagwa na watu, uizike kama inavyozikwa misahafu iliyochakaa. Mimi sina haki ya kusema ni kazi ya mwalimu wangu iliyoharibiwa na utingo, wala na mvua, wala na barabara. Mimi ndiye niliyeiharibu. Niliona fahari kutoujua ulanzi, na fahari hiyo ndiyo iliyonifanya nisiutambue mwanzi wake nilipoushika kwa mikono miwili. Mtu yeyote mjini hapa angeniambia, kama ningepata kuwa na mazoea ya kumwuliza.

Mpe Mwamvita salamu zangu. Mwambie nimeisoma barua yake zaidi kuliko alivyodhani. Na wazee wako wa msikitini wapelekee habari hii kama ilivyo, kwa jina langu kamili. Ukiona wanasita kucheka, wasaidie.

Makame bin Matano


Ipogolo, 17 Mei 1956

Mzee Makame,

Shikamoo, na heri ya Idi iliyopita.

Tajiri aliniita. Jumatatu nilipanda basi langu, blanketi langu likarudi mahali pake. Severina anakushukuru. Mama yangu pia anakushukuru, ingawa ana maneno kidogo, nami nitakuambia kwa sababu nimeona sasa hatuna budi kuambiana.

Mzee, yale ya kwamba nilikudhania unakunywa, nilikuandikia wewe. Nilikuandikia peke yako. Wewe ukayasema kituoni. Sasa abiria wakipanda wananiuliza, "Kasian, leo mzee gani amelewa?" Padre mwenyewe aliniuliza akitabasamu. Mama anasema ana mtoto wa namna gani, anayemwazia mwalimu wa watu mambo kama hayo. Ameona haya, Jumapili hakwenda kanisani. Nilikuwa nimelifunika jambo hili, Mzee, mara ya kwanza kituoni na mara ya pili kwa barua yangu. Mara zote mbili umelifunua wewe.

Najua hukukusudia. Najua ulitaka kusema yote ili usifiche kitu. Nimewaza jambo hili nikiwa juu ya basi, nikaona ya kuwa wewe ukikasirika unasema mbele ya watu, na ukitubu unasema mbele ya watu. Labda kwa watu waliosoma ndivyo ilivyo. Kwetu mengine huachwa yakae.

Sina kinyongo. Sikuandika ili unijibu. Tafadhali usinijibu, wala usije kituoni kueleza.

Lakini Jumapili hii sina safari. Mama atakuwa nyumbani. Ukiweza, njoo ukae naye ukumbini, unywe chai, uzungumze habari za mahindi na mvua. Hatakuuliza lolote. Nawe usimwambie lolote.

Kasian